Ovaloki ya Nyuzi Nne kwa Mshonaji wa Suruali: Inapofaa na Isipofaa

Mashine ninayoitathmini hapa ni ovaloki ya nyumbani ya nyuzi nne: sindano mbili, lupa mbili (vyuma vilivyopinda vinavyozungusha uzi ukingoni mwa kitambaa), kisu cha kukatia ukingo, na meno ya kusukuma kitambaa yaliyogawanyika makundi mawili, la mbele na la nyuma. Mashine za kundi hili hufanana mno kwa ndani hata pale zinapotofautiana rangi na bei, kwa hiyo tathmini hii inaihusu aina yenyewe kuliko nembo iliyobandikwa ubavuni. Nimeipima kwa kazi moja tu, nayo ni kumalizia suruali zinazoshonwa nyumbani, kwa vitambaa vinne ambavyo mshonaji wa suruali hukutana navyo mara kwa mara: gabadini, kitani, jinzi na sufu nyepesi. Namna inavyoshona fulana na nguo nyingine za kuvutika ni habari ya siku nyingine, ingawa ndiyo kazi ambayo wauzaji hupenda kuionyesha.

Hukumu yangu naitoa mapema. Ni mashine nzuri kwa suruali, lakini uzuri wake unaishia kwenye kingo. Inazuia nyuzi zisitatuke kwa kasi na unadhifu ambao zigizagi ya cherehani ya kawaida haiukaribii, lakini, ukiondoa mifuko ya ndani, si mashine ya kuungia suruali, na pale inapolazimishwa kuunga ndipo suruali inapoharibika. Mnunuzi akilielewa hilo tangu mwanzo atapata thamani ya fedha yake. Akidhani amenunua mbadala wa cherehani, ataishia kuwa na suruali isiyoweza kupanuliwa kiuno, yenye mistari ya uzi inayojichora kwa nje kwenye mapaja.

Nianze na kile kinachowaogopesha wengi, yaani kutunga uzi. Njia za uzi katika mashine hii zimepakwa rangi nne, na ukifuata rangi pamoja na mpangilio wake kazi huisha bila taabu: kwanza lupa ya juu, kisha lupa ya chini, halafu sindano. Mpangilio huo haukuwekwa kwa mapambo. Uzi wa lupa ya chini ukikatika katikati ya kazi, nyuzi za sindano sharti zichomolewe, lupa itungwe, ndipo sindano zitungwe mwisho. Asiyefanya hivyo ataona uzi ukikatika tena ndani ya sentimita chache na atailaumu mashine bure. Malalamiko mengi ninayoyasikia kuhusu ovaloki za nyumbani chanzo chake ni hapo, wala si ubovu wa chuma. Lawama ninayoiona ya haki ni kwamba tundu la lupa ya chini limefichwa nyuma kabisa, upande wa kushoto, mahali ambapo vidole havifiki, na kibano kinachokuja kwenye boksi ni kifupi kuliko inavyotakiwa. Nunua kirefu chenye ncha iliyopinda.

Kabla ya kununua, uliza pia ni sindano gani inayotumika. Baadhi ya mashine za aina hii hupokea sindano zile zile za cherehani ya nyumbani, zenye alama ya 130/705, na nyingine hutaka sindano za ELx705 zilizotengenezwa mahsusi. Ukiwa na aina ya kwanza, boksi moja la sindano linahudumia mashine zote mbili, na hilo ni jambo la kushukuru pale sindano ya 90/14 inapovunjika juu ya mshono mnene wa jinzi.

Kuhusu ulaji wa uzi, ni afadhali mtu aambiwe ukweli akiwa bado dukani. Kwa hesabu inayotumika viwandani, mshono wa ovaloki wa nyuzi tatu hula uzi takriban mara 14 ya urefu wa ukingo, ilhali mshono wa kawaida wa cherehani hula mara 2.5 hivi. Suruali ndefu ya mtu mzima ina vipande vinne vikubwa, na kila kipande kina ukingo wa nje, ukingo wa ndani wa mguu na ukingo wa kati, ule unaopanda kutoka katikati ya miguu kuelekea kiunoni. Ukijumlisha kingo zote utapata karibu mita 9, maana yake suruali moja inaweza kumeza zaidi ya mita 120 za uzi kabla hujagusa mfuko wala mkanda. Ndiyo sababu nyuzi za ovaloki huuzwa kwenye koni zenye maelfu ya mita, na ndiyo sababu vijigurudumu vidogo vya uzi wa cherehani havifai hapa. Si lazima kununua koni nne za kila rangi. Kijivu cha kati hufichika ndani ya suruali nyingi za rangi nzito, na rangi ya mchanga hufichika ndani ya zile nyepesi. Uzi wa sindano tu, kwa kuwa ndio unaoweza kuchungulia upande wa nje, ndio unaostahili kufanana na kitambaa.

Sasa nije kwenye kazi yenyewe. Ovaloki hutoa matunda yake bora katika suruali pale kingo zinapozungushiwa nyuzi vipande vikiwa bado bapa, kabla mshono wowote haujaungwa. Kila kipande hupita kwenye mashine upande wa nje, upande wa ndani na upande wa kati, huku kiuno kikiachwa kwa sababu kitaingia ndani ya mkanda. Kwa kazi hii ondoa sindano moja ufanye kazi kwa nyuzi tatu. Uzi wa nne huongeza nguvu ya kuunga, na hapa hakuna kinachoungwa. Unachohitaji ni ukingo mwepesi usioongeza unene. Ukibakiza sindano ya kulia utapata upana wa milimita 4 hivi, unaotosha gabadini na sufu. Ukibakiza ya kushoto utapata upana wa karibu milimita 6, unaofaa kitambaa kilicholegea kama kitani, ambacho nyuzi zake za mtande huchomoka kirahisi.

Kisu ndicho kinachotaka nidhamu kuliko sehemu nyingine yoyote ya mashine. Mashine za kundi hili hufikia mishono kati ya 1,300 na 1,500 kwa dakika, na kisu hukata kwa mwendo huo huo, hivyo mkono ukiyumba kidogo kwenye paja, milimita tano za akiba ya mshono, yaani kitambaa kinachobaki kati ya mshono na ukingo, zimekwenda na hazirudi. Katika suruali, akiba ya mshono ndiyo inayobeba hatima ya vazi: ndiyo itakayofumuliwa mwenye suruali akinenepa, na ndiyo inayompa fundi nafasi ya kurekebisha paja linalobana. Kwa sababu hiyo naikubali mashine hii hasa kwa kuwa kisu chake kinaweza kushushwa na kufungwa pembeni. Wakati wa kuzungusha kingo za suruali nakishusha, au nikikiacha, naongoza kitambaa ili kisu kinyoe nyuzi zilizochomoka tu. Kama mashine unayoitazama haina njia ya kuzima kisu, mimi nisingeinunua kwa suruali, hata kama kila kitu kingine kinapendeza.

Jambo la pili ninalolisifu ni yale makundi mawili ya meno. Kitufe chake huenda kutoka 0.7 hadi 2.0, na maana yake ni uwiano wa mwendo wa meno ya mbele kwa yale ya nyuma. Ukingo wa ndani wa paja, hasa kwenye kipande cha nyuma, na ukingo wa kati unaopinda chini ya makalio vimekatwa karibu na mshazari, navyo hutanuka vikisukumwa na mashine ya kawaida. Ukiweka 1.3 au zaidi kidogo, meno ya mbele huingiza kitambaa kingi kuliko kinachotolewa na ya nyuma, na ukingo hubaki na urefu wake. Faida yake huonekana unapounganisha mguu: kipande cha mbele na cha nyuma hukutana gotini na kwenye pindo bila kimoja kuzidi kingine kwa sentimita nzima. Cherehani ya kawaida yenye zigizagi haina kinga hiyo. Anayeitumia itambidi apige mshono mmoja wa kushikilia kwenye mpindo kabla ya kuzungusha ukingo, kazi inayowezekana lakini inayochosha.

Baada ya hapo suruali hurudi kwenye cherehani. Mishono ya pembeni na ya ndani ya miguu hushonwa kwa mshono ulionyooka, halafu akiba hufunuliwa pande mbili kwa pasi. Hapo ndipo dosari kubwa ya ovaloki inapojitokeza, na sijaona mwongozo wa mashine hata mmoja unaoitaja. Chukua paja la suruali ya gabadini iliyokwisha kupigwa pasi ya moto moja kwa moja, ulisogeze karibu na dirisha mwanga uje kwa ubavu. Utaona mistari miwili hafifu inayokwenda sambamba na mshono, kila mmoja ukiwa sentimita moja na nusu kutoka katikati, iking'aa kidogo kama njia ya konokono. Hiyo ni alama ya uzi wa lupa uliojikusanya ukingoni. Pasi imeusukuma ukajichapa upande wa nje. Kwenye sufu alama hiyo huweza kuondolewa kwa mvuke na brashi, lakini kwenye poliesta mara nyingi hubaki.

Dawa yake ni hatua kadhaa zinazokwenda pamoja. Kwanza punguza mkazo wa uzi wa lupa zote mbili ili nyuzi zilale bapa, ukihakikisha kwamba bado zinakutana ukingoni kabisa. Uzi wa lupa ya juu ukivutwa hadi upande wa chini, ujue wa juu umelegea mno au wa chini umekaza mno. Refusha mshono hadi milimita 3 au zaidi, kwa sababu mishono iliyosongamana huongeza uzi bila kuongeza kinga. Wakati wa kupiga pasi, ingiza ukanda wa karatasi nene kati ya akiba ya mshono na kitambaa cha nje, na upande wa nje utumie kitambaa cha kupigia pasi chenye unyevu. Mshonaji asiyetaka kufuata hatua hizi, nikizungumza kwa uaminifu, ni afadhali abaki na utepe wa mshazari, ule uliokatwa kwa hanamu na kukunjwa kufunika ukingo.

Mshono wa kati, ule unaoanza chini ya zipu, ukapita katikati ya miguu na kupanda nyuma hadi kiunoni, ndio unaotenganisha suruali ya kudumu na suruali ya msimu mmoja. Maelezo ya matangazo hudai kwamba mshono wa nyuzi nne una nguvu za kutosha kuuunga peke yake. Siafiki. Ni kweli kwamba mshono huo hutanuka, na kutanuka kunahitajika hapo, maana mtu anapoketi au kuchuchumaa mshono wa kati huvutwa kuliko mwingine wowote. Viwanda huutumia mshono wa mnyororo mahali hapo kwa sababu hiyo hiyo. Tatizo ni kwamba ovaloki huzifunga akiba zote mbili pamoja na kuzikata ziwe nyembamba. Suruali iliyoshonwa vizuri hubeba sentimita 3 hadi 4 za akiba nyuma ya kiuno, zikipungua taratibu hadi sentimita 1 kwenye mpindo wa chini, na akiba hiyo sharti iweze kufunuliwa pande mbili. Ukiipitisha kwenye kisu, umeitia suruali kufuli.

Njia ninayoipendekeza ni kuzungusha kila ukingo peke yake, kisha kuunga kwa cherehani ya kawaida kwa mishono mifupi ya milimita 2, uzi wa poliesta, ukivuta kitambaa kidogo mbele na nyuma unapokaribia mpindo ili mshono upate ulegevu, halafu kurudia mstari huo huo mara ya pili. Wafundi wa jadi wa suti hufanya kazi hiyo kwa mkono, kwa mshono wa kurudi nyuma, na mshono wao hauna kifani kwa kustahimili. Sehemu ya nyuma iliyo juu hufunuliwa kwa pasi, lakini mpindo wenyewe huachwa umesimama. Ukiulazimisha kulala, suruali hujikunja na kubana mwenye nayo anapotembea.

Mahali ambapo uzi wa nne unastahili sifa zake ni mifuko ya ndani. Kitambaa chembamba cha pamba, mpindo wa mviringo, matabaka mawili, hakuna anayehitaji kupanua wala kufunua: mashine hukata, huunga na kumaliza kwa mpito mmoja, na mfuko unakuwa na nguvu ya kubeba funguo na sarafu. Hapo sina la kuongeza.

Kwenye zipu na mkanda, ovaloki husaidia kidogo sana. Huzungusha ukingo wa kile kipande cha kitambaa kinachokaa nyuma ya zipu, basi. Mkanda wenyewe huhitaji kitambaa cha kutilia ugumu kinachobandikwa kwa pasi, na ukingo wake wa ndani hupendeza ukifungwa kwa utepe wa mshazari unaoning'inia milimita chache chini ya mshono wa kiuno. Ukingo wa ovaloki mahali hapo hufanya kazi, lakini unaifanya suruali ya mkono ionekane imetoka kiwandani kwa haraka. Ukataka suruali ipanuke baadaye, mkanda ukatwe vipande viwili na kuungwa nyuma pamoja na mshono wa kati. Vile vitanzi vya kupitishia mkanda wa ngozi vinaweza kuanzia kwenye ovaloki: ukanda mrefu huzungushiwa upande mmoja, hukunjwa kuwa matabaka matatu ukingo huo ukiwa juu upande wa ndani, kisha hupigwa mishono miwili na kukatwa vipande.

Pembe za mifuko na mwisho wa zipu zinahitaji mshono wa kukaza, yaani zigizagi iliyosongamana, fupi, ambayo ni kazi ya cherehani ya kawaida. Tatizo la pembe kuchanika ni la zamani. Ndilo lililomfanya fundi Jacob Davis pamoja na Levi Strauss kupata hataza ya misumari ya shaba kwenye suruali za kazi tarehe 20 Mei 1873 huko Marekani. Hakuna kitufe cha ovaloki kinachojibu tatizo hilo.

Kuna vitambaa ambavyo mashine hii ningeiacha imefunikwa. Jinzi nzito hupendeza na kudumu zaidi kwa mshono uliolazwa, ambapo akiba moja hukatwa, nyingine huikunjia na kufungwa kwa mistari miwili inayoonekana nje. Hapo hakuna ukingo unaobaki wazi wa kuzungushiwa. Suruali ya kitani isiyo na bitana, inayofuliwa mara kwa mara, hupata heshima kwa akiba zilizofungwa kwa utepe wa mshazari, ingawa kazi yake huchukua muda mara kadhaa ya ule wa ovaloki. Kwa kitani cha kushindia nyumbani, hata hivyo, nyuzi tatu pana zinatosha kabisa.

Pindo la mguu limebaki, na ni hapa wauzaji wanapojaribu kuongeza bidhaa ya pili, yaani mguu maalumu wa mashine (kikandamizi cha kitambaa) wa kushonea pindo la siri, lisiloonyesha mishono kwa nje, unaouzwa peke yake. Nimeutumia. Hukunja, hukata na kushona kwa mpito mmoja, na kwenye kitambaa kinachovutika matokeo yake ni safi. Kwenye gabadini huacha vidoa vya uzi upande wa nje, kwa sababu sindano ya ovaloki haiwezi kushika uzi mmoja tu wa kitambaa kama mkono unavyoshika. Tena hukata akiba ya pindo, ilhali pindo la suruali rasmi linahitaji sentimita 4 hadi 5 za ziada kwa ajili ya uzito na kwa marekebisho. Kinachofaa ni kuzungusha ukingo wa pindo kwa nyuzi tatu, kisu kikiwa kimefungwa, kulikunja, kulipiga bandi, na kulishona kwa mkono kwa mshono wa msalaba, sindano ikichota uzi mmoja au miwili tu ya kitambaa cha nje na uzi ukiachwa umelegea. Kama mguu wa suruali unapungua kuelekea chini, akiba ya pindo ikatwe ikitanuka kwa kiasi kile kile, la sivyo ukingo utakuwa mfupi kuliko mahali unaposhikizwa na pindo litavutika.

Suruali rasmi hupewa pia utepe mgumu wa upana wa sentimita moja na nusu ndani ya pindo, upande wa kisigino, ukichungulia chini kwa milimita moja ili kiatu kisugue utepe badala ya kitambaa. Utepe huo hushonwa kwa cherehani ya kawaida kabla pindo halijakunjwa, mistari miwili, mmoja kila ukingo. Bei ya ule mguu wa pindo la siri inatosha kununua utepe wa kutumika kwenye suruali nyingi, na chenji ikabaki ya boksi la sindano.